Mume Wangu Alipokonda

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nasonya, hata kama niko kanisani. Ni siku daktari alipomwambia mume wangu kwamba ana kisukari, na kwamba akitaka kuishi lazima apungue. Mume wangu akacheka. Alicheka kweli, akajipiga tumbo kwa kiganja mbele ya yule daktari, akasema, "Daktari, hiki kitambi nimekihangaikia miaka yote, leo unaniambia nikitupe?"

Usidhani nimekuita hapa nikuburudishe. Juzi kwenye harusi nilikaa nyuma yenu, nikawasikia wewe na wenzako mkimcheka yule kijana aliyekataa soda na pilau. Mlisema amekonda, labda ana yake anayoyaficha. Nilitaka kuinuka niwatandike mbele ya maharusi. Nilijizuia kwa sababu ya mama yako tu. Tukimaliza hapa utakwenda kumwomba radhi, na sitaki kusikia kwamba mlikuwa mnatania. Sasa tulia unisikilize.

Babu yako Silvesta, mume wangu, alikuwa akiuza mitumba soko la Mirongo, hapa Mwanza. Ninyi mmezaliwa soda imejaa kila kibanda, hamuwezi kujua ilivyokuwa kabla. Sisi tulioana wakati wa kupanga foleni ya sukari na sabuni, wakati mtu akipata mkate wa dukani anaufunika kwa kanga asiombwe njiani. Halafu biashara ikaruhusiwa. Marobota ya nguo yakaanza kuingia, mchele ukajaa sokoni, mafuta ya kupikia yakawa ya kuchagua. Silvesta alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kukunja nguo, biashara ikamkubali. Akawa anakunywa soda asubuhi badala ya chai, soda mchana, na jioni bia na wenzake pamoja na sahani ya chipsi. Simlaumu kwa hilo. Mtu aliyenyimwa muda mrefu akifunguliwa mlango, anaingia mzima mzima.

Akanenepa. Shingo ikajaa, mashati aliyozoea kuvaa akayauza. Watu wakamwita Bosi. Mama yake, aliyeishi ng'ambo ya kivuko upande wa Sengerema, alipokuja kututembelea alimzunguka kama anakagua fahali mnadani, akanigeukia na kunishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mkwe wangu. Unamtunza." Nami nilifurahi. Kwetu siku zile tumbo la mume ndilo lililokuwa cheti cha mke.

Kisha kiu ikaanza. Alikuwa anamaliza jagi la maji na kuomba jingine, na njia ya chooni akaizoea kuliko ya kazini. Macho yakaingia ukungu, akawa anashindwa kusoma namba za kola anaponadi mashati. Mtu mnene vile lakini hana nguvu. Sisi tulikaa Igogo, juu kwenye mawe, na akipanda kwenda nyumbani anakaa njiani kama bibi kizee. Nikamvuta mpaka hospitali. Wakachukua mkojo wake, wakaupasha moto na dawa ndani ya kichupa, nami niliona kwa macho yangu ukigeuka rangi ya tofali, dalili ya sukari nyingi.

Daktari alikuwa mwanamke, bado msichana, lakini hakuyumba Silvesta alipocheka. Alisubiri amalize, akasema, "Baba, sukari si ile ya kwenye chai tu. Ugali, wali, viazi, mihogo, mkate, vyote vikifika tumboni vinakuwa sukari, na mwili wako sasa hivi umeshindwa kuimudu. Vidonge nitakupa. Ila vidonge peke yake haviwezi kupigana na sinia la ugali. Punguza hivyo vyakula, punguza na hicho kitambi, utaona mwenyewe." Halafu akanitazama mimi. "Mama, jikoni ni kwako."

Njiani Silvesta alikuwa bado anacheka. Nikamwambia, "Cheka, mume wangu. Lakini anayepika ni mimi."

Soda zikakoma nyumbani kwangu siku ile ile. Ugali nikaanza kumkatia kipande cha kukaa kwenye kiganja, baadaye daktari alipoona mwili unaitikia, siku nyingi sikumpa kabisa. Sahani nikaijaza mchicha, mlenda, bamia, nyanya chungu, na sansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yangu alinifundisha kuyapika kwa karanga. Asubuhi mayai na chai isiyo na sukari. Maziwa ya mgando kidogo, parachichi likipatikana. Na samaki. Hapo napo nilikuwa na hasira zangu, maana miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimeshika kasi, nyama ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliozaliwa ukingoni mwa ziwa tunauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Basi nilinunua vichwa, nikanunua furu na dagaa, nikachemsha kwa ndimu na nyanya. Mume wangu hakulala njaa hata siku moja. Ulisikie hilo vizuri, kwa sababu baadaye nilishtakiwa kwa kumshindisha njaa.

Mwanzoni alinuna. Alisukuma sahani, akaniita mchoyo, akasema hata mfungwa anapewa ugali. Lakini kiu ilipoanza kumwachia, na usingizi ukawa mzuri, akaacha kelele. Akaanza kwenda Mirongo kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Siku moja akapanda mawe ya Igogo bila kupumzika, akasimama mlangoni akihema kidogo tu, akaniita nje nimwone, kama mtoto aliyejifunza kuogelea. Tuliporudi kliniki mkojo kwenye kichupa ulibaki wa bluu, rangi ya dawa yenyewe, maana sukari haikuonekana. Daktari akapunguza vidonge kwa mkono wake, akasema, "Endeleeni hivi hivi." Nilitoka pale natamani kuimba barabarani.

Hatukupewa nafasi ya kufurahi, mwanangu.

Ilianzia bombani. Nakinga maji, jirani mmoja akanisogelea, akanishika bega kwa ile huruma ya uongo, akasema, "Mama Neema, jikaze. Mume anavyokwisha vile, na wewe umeshapima?" Sikumwelewa haraka. Nilipoelewa, ndoo ilinidondoka.

Unajua ni miaka gani ile. Ukimwi ulikuwa umepita vijijini na mjini, kila nyumba ilikuwa imezika. Mtu akipungua, watu hawaulizi, wanahesabu. Wakasema Silvesta amekanyaga waya. Wakasema kisukari ni jina la kufichia. Kule Mirongo wateja wakawa hawataki shati alilojipima mwilini kuwaonyesha, wanamwambia, "Nipe lile la chini kwenye robota, hilo hapana." Watu aliokula nao chipsi wakaanza kumsalimia kwa kupunga mkono wakiwa ng'ambo ya barabara. Na niulize, hata kama angekuwa nao ugonjwa ule, ndiyo iwe sababu ya kumkwepa kama kinyesi? Waliokuwa nao walikufa na upweke juu ya maradhi, nasi tukasimama kando tukinong'ona. Aibu ile ni ya mji mzima, na haijaoshwa.

Nilimwambia Silvesta asiwasikilize. Ni rahisi kusema. Yeye ndiye aliyekaa nyuma ya meza ile siku nzima. Jioni moja alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Restituta, nimechoka. Kila nikipita watu wananizika kwa macho."

Nikasema, "Sukari yako imeshuka. Wewe ni mzima kuliko wao."

"Nani anaiona sukari?" akaniuliza. "Wanaona mashavu."

Habari zikavuka maji. Kaka yake mkubwa, Deusi, akaja, akamtazama, akarudi kwao. Jumapili iliyofuata akaja na mama mkwe. Tukakaa sebuleni, na mama mkwe hakutaka hata maji ya kunywa. "Mwanangu nilikupa akiwa mwanaume," akaniambia, "unanirudishia mifupa."

Nikaeleza yote. Nikaeleza aliyosema daktari, nikawatolea vidonge, nikawaambia habari ya kichupa na rangi zake. Deusi akanikatiza. "Tangu lini ugali ukawa sumu? Sisi wote tumekulia ugali. Sema umebana chakula, au sema umemletea ugonjwa. Moja kati ya hayo."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Neema, waambie."

Mwanangu, alitazama sakafu. Yule mtu wa maneno mengi, aliyeweza kumuuzia koti la baridi mtu wa Mwanza kwenye jua kali, alikosa neno moja la kunitetea. Kisha akasema taratibu, "Nitakwenda nyumbani kidogo, nipumzike." Nilielewa. Hakuwa anakwenda kupumzika, alikuwa anakwenda kunenepa. Nilimfungia vidonge kwenye mfuko, nikamweleza Deusi vya asubuhi na vya jioni, akaupokea bila kunitazama. Wakaondoka.

Nilibaki na Neema, mama yako, akiwa bado mtoto, na kibanda cha mitumba. Wafanyabiashara waliovuka kutoka huko waliniletea salamu: anaendelea vizuri, uso umejaa, anacheka. Walidhani wananifurahisha. Halafu salamu zikakoma. Mwisho mama mmoja muuza dagaa akaniambia kwamba Silvesta hatoki ndani, ana kidonda mguuni.

Nilimwacha Neema kwa dada yangu, nikapanda gari mpaka Usagara, nikashika jingine mpaka Kigongo. Foleni ya malori ilikuwa ndefu na kivuko kiko ng'ambo. Nilisimama ukingoni nikitukana kimoyomoyo kila mtu ninayemjua. Nilivuka, na kutoka Busisi nikapata lifti ya lori la pamba lililoniacha karibu na kwao.

Mama mkwe alinipokea uwanjani kwa tabasamu. Tabasamu la ushindi. "Njoo umwone mumeo," akasema, "uone mtu anavyotunzwa."

Niliingia. Kilichonipokea kwanza ni harufu. Silvesta alikuwa amelala kwenye mkeka, mashavu yamejaa kweli, macho yamezama, mwili unachemka homa. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa majani na kitambaa. Nilipofungua niliuona mfupa wa kidole. Alikanyaga kisiki shambani, akaendelea kutembea siku nzima bila kujua, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshamuua hisia nyayoni. Ubavuni mwake kulikuwa na ugali mkubwa kama kichuguu, na kikombe cha uji uliotiwa sukari mpaka unanata. Vidonge vilikuwa kwenye mfuko ule ule, vinaning'inia kwenye msumari, havijaguswa.

"Hivi vidonge?" nikauliza.

"Dawa gani hizo za kukondesha watu," alisema mama mkwe. "Nimempa michembe yetu ya viazi vikavu na uji, mwone alivyorudi."

Nilikichukua kile kikombe, nikatoka nacho, nikaumwaga uji uwanjani mbele ya kuku. Kisha nikarudi nikauchukua na ugali. Kumwaga chakula cha mkwe, nyumbani kwake, kwetu ni jambo la kuvunja ndoa. Mama mkwe alipiga yowe. Deusi akainuka kwenye kigoda, nikadhani atanipiga, na kusema kweli nilitaka anipige ili nami nipate sababu.

Ndipo baba mkwe alipotoka zizini. Mzee Masanja hakuwa msemaji. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsikia akizungumza na ng'ombe zaidi ya watu. Mimi kama mkwe sikuwa na ruhusa hata ya kumtazama usoni. Alichungulia ndani, akamwona mwanawe, akauona na mguu. Akamwambia mkewe na Deusi, kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi ng'ombe ninayemnenepesha ni yule ninayetaka kumchinja. Ninyi mlikuwa mnataka nini kwa mtoto huyu?"

Akaegemea fimbo aliyotoka nayo zizini. Akaendelea. "Ujana wangu nilikuwa mwembamba kama fimbo hii. Maziwa, mboga, nyama siku ya nyama, na kutembea. Hakuna aliyesema nina ugonjwa. Nani aliwafundisha kupima uzima wa mtu kwa mashavu?"

Watu husimulia maneno ya wazee kama hayo, wakafurahi, wakaishia hapo. Mimi sikufurahi. Damu ilikuwa inanichemka. Nilipiga magoti kama mila inavyotaka, lakini macho nikayainua, nikamwambia, "Shikamoo, baba. Maneno hayo ni mazuri. Lakini ulikuwepo hapa siku zote hizi, ukimwona akilishwa. Mbona hukuyasema mguu ukiwa mzima?"

Mama mkwe alifunika mdomo. Mzee alinitazama usoni. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Niliona chakula ni mambo ya wanawake. Nilikosea." Akamgeukia Deusi. "Funga ng'ombe kwenye mkokoteni. Sasa hivi."

Alitusindikiza mwenyewe mpaka kivukoni, akitembea kando ya ng'ombe, na akavuka nasi. Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ulikatwa chini ya goti. Najua mnaambiana kwamba babu yenu aligongwa na gari. Hakugongwa. Mguu ule uliliwa na midomo ya watu, na wengi wao bado wako hai na wanakula vizuri.

Alipozinduka, unajua aliniuliza nini? "Sasa watasema nini?" Nilitaka kumkaba mgonjwa wa watu. Nikamwambia, "Watasema wanachotaka. Mguu wameshakula. Wakirudi safari hii watanikuta mimi mlangoni." Akanitazama, na sisi wawili tukalia kwa sauti mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Baada ya hapo hakuna aliyembembeleza. Alirudi kwenye sahani yangu, akarudi kwenye vidonge vyake na kliniki yake, akapungua tena, polepole, kwa mwendo wa magongo. Akarudi Mirongo. Mtu akimwambia pole kwa ajali, anamjibu papo hapo, "Si ajali. Ni kisukari, na woga wangu, na maneno yenu." Aliwafukuza wateja wengine kwa jibu hilo, lakini hakulibadilisha. Aliishi miaka mingi, akamwozesha Neema, akawabeba wajukuu, na macho yake alizikwa nayo yakiwa yanaona.

Mama mkwe nimemsamehe. Alimlisha mwanawe kwa upendo, alikuwa hajui, na alipojua alijifunza kupika sansa na sato wa kuchemsha bila kinyongo, akawa yeye ndiye anayemnyang'anya mtu soda kwenye sherehe. Mzee Masanja nimemsamehe pia, kwa sababu alikiri kwa neno moja bila kujitetea. Wale wa bombani sijawasamehe. Hawakuwa na upendo wala ujinga wa kuwatetea. Walikuwa na muda tu. Padri ameshaniambia mara nyingi, nami namwambia bado naliombea.

Basi hili ndilo ninalokuusia. Usimpime mtu kwa mwili wake, awe amekonda au amenenepa, na kama una wasiwasi naye kweli, mwendee peke yake umuulize kwa mdomo wako. Ukimwona mtu anaacha ugali na soda kwa sababu ya kisukari, usimlazimishe, usimwambie kidogo tu hakidhuru. Mpishie mboga na samaki ukae ule naye. Ukoo wetu una ugonjwa huu, kwa hiyo kapime na wewe, na ukikutwa nao usijipangie mwenyewe wala usiache dawa kwa kuwa unajisikia nafuu. Mwache daktari apunguze, maana sukari ikishuka mno nayo inaangusha. Kague nyayo zako kila siku. Na ukijua neno la kumwokoa mtu, liseme wakati bado lina kazi. Usingoje liwe la kusifiwa msibani.

Nimemaliza kukufokea. Sogea nikushike kichwa. Mungu akupe chakula cha kukutosha na busara ya kukiacha. Akupe mwenzi atakayethubutu kukukasirikia. Akuzungushie watu wanaokutaka uishi, hata kama hawapendi unavyoonekana. Nenda salama, mwanangu.